Mbeleko ya Mtoto Asiye na Jina

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu waliolala. Mmekula muhogo wangu, chumvi mmeimaliza, halafu mnaniitikia kwa sauti za wagonjwa. Nasema tena, paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo kale, zamani za kale, bibi yake bibi yangu hajaota hata jino la kwanza, palikuwa na nchi inaitwa Ukunguni. Msiniulize iko wapi. Ukitoka hapa unakwenda, unakwenda, unakwenda, mpaka ukinyoosha mkono usivione vidole vyako mwenyewe. Hapo umefika, piga hodi.

Ukunguni ukungu ulishuka mara tatu kwa siku. Ulishuka asubuhi watu wakienda shamba, ukashuka adhuhuri watu wakipika, ukashuka jioni watu wakifunga mbuzi. Na ukishuka, umeshuka. Mume hamwoni mke, jogoo hamwoni mtetea wake. Njia ya kupatana ilikuwa moja tu, kuitana kwa majina. Mama alisimama mlangoni akaita, na aliyeitwa, miguu yake yenyewe ikajua njia ya nyumbani. Mtu asiye na jina alizunguka humo ukunguni hajui kushoto wala kulia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Kule mtoto hakuzaliwa na jina, wala baba yake hakumpa. Jina lilitolewa na Upepo, juu ya kilima, penye chemchemi, siku ya arobaini. Baba alileta mbeleko, mama akamfunga mtoto mgongoni, wakapanda. Upepo akavuma juu yao mara tatu. Mtoto akinyamaza, Upepo alilitamka jina lake. Mtoto akilia, Upepo alikwenda zake, maana Upepo hapendi kushindana na mtu kwa kelele. Mtoto huyo alirudi nyumbani vilevile alivyokwenda, akasubiri mwaka mzima.

Mwaka mzima, jamani. Na mtoto wa miezi saba tayari anatambaa.

Jirani mmoja, Mwavita, mtoto wake alilia pale kilimani. Ikabidi mtoto afungwe njuga mguuni kama mbuzi. Njuga zikilia, Mwavita anatulia. Njuga zikinyamaza, anaacha chungu jikoni anakurupuka nje. Nchi nzima iliisikia njuga ile, na kila mtu alijifanya haisikii.

Na mtoto mgongoni hulia kwa nini? Kwa mbeleko. Ikimbana analia, ikimkwaruza analia, ikimlowesha analia. Kwa hiyo swali kubwa la Ukunguni, swali la kila nyumba yenye mimba, lilikuwa hili: kitambaa gani kinafaa, na mtu wa kawaida atakipata wapi?

Vitambaa vilikuwa vya namna nne. Hariri ya Buibui, hiyo ya wenye nacho. Gome la Mkuyu, hilo la watu wa heshima. Sufu ya Kondoo, ya watu wa mlimani. Na pamba. Lakini pamba iliota yenyewe kwenye kila ua. Mtu aliichuma bure, akaisokota, akafuma shuka la kulimia na kitambaa cha kuchujia uji. Kwa kuwa ilipatikana bure, hakuna aliyeiona kuwa kitu. Na shuka likichakaa, lilitupwa kwenye Shimo la Matambara nyuma ya kilima, upesi kabla mtoto hajaligusa. Walisema mtoto akivikwa kitu kikuukuu ataota mvi kabla ya meno.

Mnacheka. Wenzenu waliamini.

Basi palikuwa na bwana mmoja, jina lake Mwinchande, mkulima wa maboga. Mkewe aliitwa Siwatu. Walikaa miaka wakiomba mtoto, na mtoto akaja, wa kike, mnono, na mwenye hasira ya njaa. Lakini hana jina bado, kwa hiyo Siwatu alimwita mumewe Baba Mtoto, naye akamwita mkewe Mama Mtoto, kama watu waliokutana juzi.

Mwinchande alimpenda yule mtoto mpaka akawa kama mjinga. Kila alfajiri, Siwatu akiwa hoi kwa kunyonyesha, alimchukua mtoto, akatupa shuka lake la kulimia begani, akamlaza hapo, akamwimbia. Wimbo wenyewe hauna maneno. Mmm-mm, mmm-mm, mmmm. Mama yake marehemu alikuwa akimwimbia yeye hivyo hivyo. Na kwa kuwa wanaume wa Ukunguni hawaimbi, akisikia hatua za mtu nje alikohoa, akajifanya anasafisha koo. Mtoto alimcheulia maziwa begani. Mwinchande akalifua shuka, akalikausha mekoni, akalitupia tena begani. Kesho hivyo, keshokutwa hivyo.

Siku ya ishirini akaja mama mkwe wake, Bi Kidawa, mkongojo mkononi, ulimi kinywani.

“Mkwe wangu, mbeleko iko wapi?”

“Inakuja, mama.”

“Inakuja kwa miguu yake?”

“Nafikiria kufuma ya pamba, mama. Pamba tunayo uani.”

“Pamba ya kuchujia uji,” alisema Bi Kidawa. “Mjukuu wangu si uji.”

Mwinchande akainama. Moyoni alisema, kweli, mtoto wangu si uji. Nitamtafutia kilicho bora hata kama mimi ni mtu wa maboga. Akatwaa fimbo yake, akaingia msituni.

Akaenda, akaenda, akaenda, akamkuta Buibui amening'inia.

“Hodi, Buibui.”

“Karibu, mtu wa maboga. Unataka nini?”

“Nataka kitambaa cha mbeleko.”

“Umekuja na nini?”

“Nimekuja na maboga.”

“Maboga sili. Nipe kingine.”

“Sina kingine.”

“Unacho. Nipe ule wimbo unaoimba alfajiri. Na ujue, biashara ya msituni haina kurudishiana.”

Mwinchande akashtuka kwamba kuna aliyemsikia. Akafikiri. Wimbo ni wimbo tu, haujazi tumbo. Mtoto akipata jina, wimbo nitatafuta mwingine. Akafungua kinywa, wimbo ukatoka mwembamba, Buibui akauzungusha mguuni, duru kwa duru, mpaka ukaisha. Akamkunjia hariri nyeupe, nyepesi, inang'aa.

Alipofika nyumbani, Siwatu akaishika, akaishika tena. “Nzuri,” alisema. “Lakini mwanangu hajaribiwi. Jaribu boga.”

Mwinchande akachagua boga kubwa kama mtoto, akalifunga mgongoni, akaanza kuzunguka nyumba. Mzunguko wa kwanza, fundo likalegea. Wa pili, likateleza. Wa tatu, boga likashuka polepole mpaka kiunoni, likaanguka, pwaa, mbegu zikaruka mpaka mlangoni.

Siwatu akalitazama lile boga. Kisha akasema, “Haya, liingie chunguni.”

Siku hiyo wakala boga.

Alfajiri yake Mwinchande akamchukua mtoto, akamlaza begani, akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena, pumzi tupu. Mtoto akainua kichwa akamtazama mdomo, anangoja. Mwinchande aliumia, mwacheni, aliumia sana. Wimbo ule ndio kitu pekee mama yake alichomwachia.

“Mbona kimya leo?” Siwatu aliuliza kutoka kitandani. Kumbe siku zote alikuwa akisikia.

“Koo tu, Mama Mtoto.”

Siwatu akajaribu kumwimbia yeye. Lakini Siwatu, Mungu amweke, alikuwa na sauti ya kufukuza nyani shambani. Wimbo aliuanzia huku ukaishia kule, na mtoto akakunja uso.

Siku ya ishirini na saba Mwinchande akaingia tena msituni. Akaenda, akaenda, akaenda, akafika kwa Mkuyu.

“Hodi, Mkuyu.”

“Karibu, mtu wa maboga. Unataka nini?”

“Nataka kitambaa cha mbeleko.”

“Umekuja na nini?”

“Nimekuja na maboga.”

“Maboga sili. Mimi nimesimama hapa tangu babu yako hajazaliwa, miguu inaniwaka. Nipe kukaa kwako kitako.”

Mwinchande akafikiri. Kukaa ni uvivu tu, nitapumzika nikiwa nimesimama. Akatoa. Mkuyu ukashusha pumzi ndefu, ukajibweteka chini, ukamwachia gome. Akaliponda kwa nyundo ya mti siku mbili, likawa kitambaa chekundu, kizito, cha heshima.

“Jaribu boga,” alisema Siwatu.

Akafunga boga. Mzunguko wa kwanza, limeshika. Wa pili, limeshika. Mwinchande akaanza kutabasamu. Wa tatu, ukungu wa jioni ukashuka, gome likalowa, likalegea. Walipolikausha mekoni likawa gumu kama ngozi ya ngoma. Siwatu akalifungua, akalipapasa boga kwa kidole. Ganda zima lilikuwa na mikwaruzo. Ganda la boga, jamani, sembuse shavu la mtoto.

“Haya, liingie chunguni.”

Wakala boga. Siwatu akaketi, Bi Kidawa akaketi, Mwinchande akakunja magoti kukalia kigoda. Magoti yakanyooka yenyewe. Akakunja tena, yakanyooka tena.

“Mkwe wangu, kaa basi tule.”

“Nitakula hivi hivi, mama.”

Bi Kidawa akamtazama kutoka chini mpaka juu. Mkwe anakula wima mbele ya mama mkwe wake, kama anasubiri mtu amtume. Usoni aliandika barua nzima.

Siku ya thelathini na nne Mwinchande akaingia msituni mara ya tatu. Akaenda, akaenda, akaenda, akatokeza mlimani kwa Kondoo.

“Hodi, Kondoo.”

“Karibu, mtu wa maboga. Unataka nini?”

“Nataka kitambaa cha mbeleko.”

“Umekuja na nini?”

“Nimekuja na,” akaanza, akaacha. Alishachoka kuyataja maboga. “Sema wewe unachotaka.”

“Nina wanangu wanne wanaruka-ruka kutwa kucha. Nataka usingizi wako.”

Mwinchande akafikiri, lakini si sana. Mtu aliyekwisha kutoa mara mbili, ya tatu haimchukui muda. Akatoa usingizi wake. Kondoo akafumba macho hapo hapo alipo, akakatwa sufu hana habari.

“Jaribu boga,” alisema Siwatu, na safari hii hakuwa akicheka.

Mzunguko wa kwanza, sufu ikashika, laini, ya joto. Wa pili, ukungu wa adhuhuri ukashuka, sufu ikaanza kunywa maji. Wa tatu, ikawa imekunywa ukungu wote wa ua ule. Mwinchande alikuwa amepinda kama mwenye gunia la chumvi. Siwatu akaibeba yeye, akapiga hatua mbili, akarudi nyuma kwa kitako, boga juu yake. Mbeleko ilikuwa nzito kuliko anayebebwa.

“Tena boga?” alisema Bi Kidawa chungu kilipoepuliwa.

Ikawa siku ya thelathini na tisa. Mwinchande halali, hakai, haimbi. Alasiri Siwatu akamfuata huko kwenye maboga alikosimama, akamwuliza taratibu, na Mwinchande akamwambia yote. Siwatu akashika kiuno.

“Umeuza wimbo, umeuza kukaa, umeuza usingizi. Na mimi ungeniuza kwa kitambaa gani, Baba Mtoto?”

“Wewe hakuna kitambaa kinachofikia.”

Siwatu akacheka, kisha akalia, vyote kwa pamoja, na Mwinchande akamshika. Wakasikia njuga ya mtoto wa Mwavita inapita nyuma ya ua, cheke-cheke, cheke-cheke, halafu ikanyamaza. Wote wawili wakashika pumzi. Ikalia tena. Hawakutazamana, maana walijua wanafikiria jambo moja. Kesho mtoto wao akilia pale kilimani, njuga ya pili itatengenezwa.

Asubuhi ya arobaini ikafika, na mbeleko hakuna. Mwinchande amesimama mlangoni, mtoto begani, shuka lake chini ya shavu la mtoto kama kila siku. Siwatu akamtazama. Akamtazama mtoto, akalitazama shuka.

“Lete hilo.”

“Hili? Hili la kulimia. Limechakaa, linanuka maziwa.”

“Alilifuma nani?”

“Mimi. Pamba ya uani, kabla sijakuoa.”

“Basi ni baba ndiye kalileta. Lete.”

Siwatu akalipiga fundo, akalivuta kwa nguvu zake zote, fundo likazidi kushika. Akalipitisha juu ya shavu lake mwenyewe, likapita kimya. Akalichovya majini, akalikamua, akalitundika karibu na moto, na uji ulipoiva shuka likawa limekauka. Limefuliwa mara mia lile, halikuwa na ukaidi wowote uliobaki ndani yake. Akamfunga mtoto mgongoni, mtoto akajikunja akalala.

Mlangoni akamkuta Bi Kidawa kauweka mkongojo wake kizingitini.

“Siwatu, hupiti. Tambara? Mjukuu wangu ataota mvi kabla ya meno.”

“Akiota mvi, mama, nitazisuka,” alisema Siwatu. “Lakini akipotea ukunguni, nitamwita nani?”

Kule nje njuga ikalia. Bibi yule akauondoa mkongojo polepole, akalishika pindo la shuka, akalinyoosha vizuri miguuni kwa mjukuu wake. “Nakwenda na mimi,” alisema.

Wakapanda. Siwatu mbele na mtoto mgongoni, Mwinchande nyuma yake, kiganja chini ya makalio ya mtoto, maana boga lile la kwanza halikumtoka akilini. Bi Kidawa wa mwisho, anahema. Majirani walisimama kandokando. Wengine waliziba midomo. Mmoja akasema, “Maskini, wamekuja na nguo ya uji.” Mwavita peke yake hakucheka.

Wakafika penye chemchemi. Upepo akaja.

Akavuma mara ya kwanza, akavuta mafundo. Mafundo yakashika.

Akavuma mara ya pili, na ukungu ndani yake. Shuka likalowa, likatona matone mawili matatu, na Upepo mwenyewe akalikausha alipokuwa akipita.

Akavuma mara ya tatu, na safari hii akavuma usoni kwa mtoto. Mtoto akaamka. Akakuta baridi, akakuta watu wengi, akakuta kelele. Mdomo wake wa chini ukaanza kupinda. Nanyi mnaujua mdomo wa mtoto ukianza kupinda.

Mwinchande akafungua kinywa amwimbie. Pumzi tupu. Akatamani atoe kitu, chochote, lakini alikuwa hana tena cha kutoa. Bi Kidawa akafunika macho kwa kanga yake. Mtoto akavuta pumzi ya kulilia, ikaingia, ikaingia, na ilipokuwa ikiingia ikapita kwenye shuka. Akanusa. Hapa napajua, alisema moyoni, kama watoto husema moyoni. Akageuza shavu, akatafuta, akaipata ncha ya shuka karibu na bega la mama yake, ile ile anayoishika kila alfajiri. Akaitia mdomoni, akaanza kuinyonya. Macho yakalegea.

Upepo akanyamaza. Kilima chote kikanyamaza. Ilisikika sauti moja tu, mtoto ananyonya ncha ya shuka, mcho, mcho, mcho.

“Nimevuma juu ya hariri,” alisema Upepo, “nimevuma juu ya magome, nimevuma juu ya sufu, nasikia vilio miaka na miaka mpaka nimechoka. Huyu amevaa nini?”

“Shuka langu la kulimia,” alisema Mwinchande.

“Limekugharimu nini?”

“Hili halikunigharimu kitu. Ni yale mengine yaliyonigharimu.”

Upepo akazunguka mara moja, polepole, asimwamshe mtoto. “Basi huyu ni Tunu,” alisema, akaenda zake.

Waliposhuka, ukungu wa adhuhuri ukawakuta katikati ya kilima. Siwatu na mama yake walikuwa wametangulia. Mwinchande alikuwa amebaki nyuma, anafuta macho, hakutaka majirani wamwone. Akanyoosha mkono, havioni vidole vyake. Ndipo akasikia sauti ya mkewe, ile ya kufukuza nyani, inaita toka mlangoni.

“Baba Tunu! Uji unapoa, Baba Tunu!”

Jina hilo hakuwahi kuitwa tangu azaliwe. Miguu yake ikajua njia.

Siku ya pili yake, asubuhi na mapema, Mwavita alikuja kupapasa lile shuka. Halafu akaenda nyuma ya kilima, kwenye Shimo la Matambara, akafukua shuka alilolitupa yeye mwenyewe, akalifua, akalilalia mwezi mzima pamoja na mwanawe. Zamu yake ilipofika, mtoto wake alipanda kilimani na hakulia. Njuga akarudishiwa mbuzi. Na Bi Kidawa, yule yule, akawa anasimama kwenye njia ya shimoni na mkongojo wake, anawaambia watu, “Unatupa nini hapo? Lete nilione.” Mvi hakuna mtoto aliyeota.

Najua mnachotaka kuniuliza. Vile alivyouza Mwinchande, je?

Usingizi hakuukosa. Nyumba ina mtoto mchanga, usingizi angeufanyia nini? Siwatu mwenyewe hakuwa nao, na yeye hakumwuzia mtu. Na kukaa kitako hakukukosa pia. Tunu alipoanza kutambaa, halafu kusimama, halafu kukimbilia kisima, ni nani nyumba ile aliyekaa? Baba wa mtoto anayetambaa hana kitako.

Lakini wimbo aliukosa. Kila alfajiri aliukosa. Alikuwa akimshika mtoto begani, kimya, akimpapasa mgongo kwa ule mwendo wa wimbo, na zaidi ya hapo hakuweza.

Miaka miwili ikapita. Siku moja Mwinchande yuko shambani anapalilia maboga, Tunu yuko nyuma yake, amelikokota lile shuka kwenye tope, ncha mdomoni. Mwinchande akasikia kitu. Akasimamisha jembe hewani.

Mmm-mm, mmm-mm, mmmm.

Akageuka taratibu, kama mtu anayeogopa kumtimua ndege. Tunu alikuwa amechuchumaa analionyesha boga dogo ulimwengu, analiimbia. Wimbo ule ule, na ule mwanya wa kuvutia pumzi, na pale unaposhuka.

“Umeutoa wapi huo, mama?”

Tunu akatoa ncha ya shuka mdomoni. “Kwako,” alisema, akaendelea.

Mwinchande akapiga magoti kwenye tope. “Rudia,” alisema. Tunu akarudia. “Tena.” Akarudia tena. “Tena, mwanangu.” Akaujifunza upya, kidogo kidogo, kama mgeni anayejifunza lugha, akikosea Tunu anamsahihisha kwa kumpiga kibao cha goti. Siwatu alikuja na chakula, hatua zake zikasikika tokea mbali. Safari hii Mwinchande hakukohoa. Aliimba tu, kwa sauti, mpaka mkewe akafika akasimama.

Basi ndiyo maana mkiona kondoo amefumba macho mchana kweupe, mjue analala usingizi wa Mwinchande. Mkiona mkuyu umejibweteka na shina pana, mjue umekalia kitako cha watu. Na buibui akining'inia kimya pembeni ya nyumba, msimfagie haraka. Ana wimbo mguuni, anajaribu kuuimba, na koo hana.

Na mafunzo yake? Mafunzo yake ni haya, wala sitayapamba. Mbeleko ya kweli ni ile inayomtuliza mtoto, si ile inayowapendeza majirani. Na ukimtafutia mwanao kitu kizuri, angalia usije ukauza kile alichokuwa anakipenda kwako.

Hapa ndipo ninapoifunga fundo hadithi yangu. Imewabeba, nendeni nayo kwenu. Imewateleza, niachieni hapa hapa nikae nayo mimi na chungu changu. Waliobaki na muhogo mkononi, warudishe.

Na wewe hapo mapajani, toa ncha ya kanga yangu mdomoni. Nimeitoa jana tu kwenye kamba.

Haya basi, iache. Lala.